Nyama ya moyo imekufa ao imelala?

Wandugu wa promosio zote, leo nawaletea jambo lililoanza na swali la mtoto wa mgonjwa. Siku ile sikuweza kumjibu, na njo sababu naandika.

Mgonjwa mwenyewe ni mwalimu mstaafu wa hapa Bunia, miaka 60 na kidogo. Nimegeuza mambo madogo juu asitambulike. Mtaani wanamwita Papa Mwalimu, na nusu ya watu wanaompita njiani aliwafundisha kusoma. Alifika siku ya posho asubuhi pamoja na watoto wake watatu. Miezi 3 kabla ya hapo alishikwa usiku na maumivu makali ya kifua, jasho jingi, kutapika. Kwenye kituo kimoja cha afya walimwambia ni tumbo, wakampa dawa ya asidi. Tangu usiku ule, akipanda kilima kidogo tu anasimama mara mbili, mara tatu, kutafuta pumzi.

Tulimpima elektro, ikaonyesha alama za kovu la zamani upande wa mbele wa moyo. Nikaweka ekografi. Kuta zingine za moyo zilikuwa zinakaza na kulegea, lakini ukuta wa mbele ulikaa tu pale, kama mgeni kwenye karamu ya watu asiowajua. Nikawaeleza watoto: Papa alipata shambulio la moyo usiku ule, mshipa mmoja uliziba, na sehemu ya moyo haifanyi kazi.

Binti mkubwa akasema, "Dokta, sisi tulishasikilizana. Tunauzisha parsele ya Papa, tunamupeleka Kampala bamupasue."

Ndugu yake, mwenye alisoma mambo ya kilimo, akanyamaza kidogo, halafu akauliza: "Lakini dokta, ile nyama yenye haicheze, ilishakufa ao iko inalala? Kama ilishakufa, tunauzisha parsele juu ya nini?"

Nilibaki na ekografi mkononi. Ni swali ambalo madaktari wa moyo dunia nzima wanajiuliza, na huyu agronome alilifikia kwa kufikiria mambo ya shamba: mti uliokauka na mti uliopukutisha majani wakati wa kiangazi, ukiwa mbali, yote miwili inaonekana sawa.

Maana kitu kama hicho kipo kwenye moyo. Misuli ikikosa damu kabisa kwa masaa, inakufa na kuacha kovu. Lakini ikipata damu kidogo, ya kutosha kuishi na isiyotosha kufanya kazi, inaweza kuacha kukaza na kubaki hai, wiki hata miezi. Ekografi ya kawaida inaonyesha mwendo. Inakuambia ukuta hauchezi, lakini haikuambii kama damu inafika mle ndani. Na bila kujua damu, huwezi kutofautisha maiti na aliyelala.

Tukumbuke kwanza ekografi inafanya nini. Mwaka 1953, kule Lund, Sweden, daktari Inge Edler na mwanafizikia Hellmuth Hertz waliazima mashini iliyotumika viwandani kutafuta nyufa ndani ya chuma, wakaielekeza kwenye kifua cha mtu. Ilituma mawimbi ya sauti ambayo sikio haliyasikii, ikasubiri mwangwi. Mashini zetu za leo, hata ile ndogo ya kupima wajawazito, ni wajukuu wa ile. Palipo mpaka kati ya kitu na kitu, mwangwi unarudi na skrini inaonyesha weupe. Damu inarudisha mwangwi hafifu sana, kwa hiyo vyumba vya moyo vinaonekana vyeusi kama mashimo.

Wa medesini hapa watasema: si kuna Dopla? Ndiyo, Dopla inaona damu inayokimbia kwenye mishipa mikubwa na kwenye valvu. Lakini damu tunayoitafuta iko ndani ya kapilari, vijia vyembamba kuliko unywele mara kumi hivi, na mle inatembea karibu milimita 1 kwa sekunde. Wakati huohuo nyama yenyewe ya moyo inaruka sentimita kadhaa kwa sekunde. Ni sawa na kujaribu kuona sisimizi wakitembea juu ya gunia lililofungwa nyuma ya pikipiki inayokimbia barabara ya Mongbwalu. Dopla inaona gunia. Sisimizi haiwaoni.

Sasa nije kwenye viputo.

Mwaka 1968, huko Rochester, Marekani, Raymond Gramiak na Pravin Shah walichapisha jambo ambalo watu walikuwa wameligundua karibu kwa bahati: ukipiga sindano ya maji kwa haraka ndani ya mshipa ao ndani ya moyo wakati ekografi inaangalia, skrini inajaa wingu jeupe kwa muda mfupi. Lile wingu halikuwa dawa. Lilikuwa hewa, viputo vidogo vilivyotengenezwa na msukumo wa maji yenyewe. Gesi inabonyea na kutanuka, maji na nyama havifanyi hivyo, ndiyo maana kiputo kidogo kabisa kinarudisha mwangwi mkubwa kuliko ukubwa wake.

Hii sehemu ya kwanza ya hadithi inawezekana hata hapa kwetu, na inafanyika sehemu nyingi zenye mashini ya kawaida. Unachukua mabomba mawili ya sindano na robine ya njia tatu, mililita 9 za seramu ya chumvi na mililita 1 ya hewa, unasukuma huku na huku haraka mpaka maji yageuke kama maziwa mepesi, unatoa hewa yote inayoonekana kwa macho, halafu unapiga kwenye mshipa wa mkono. Upande wa kulia wa moyo unajaa nyota. Kama nyota zinatokea upande wa kushoto ndani ya mapigo 3 hivi, kuna tundu kati ya vyumba. Zikichelewa zaidi ya hapo, zimepitia njia isiyo ya kawaida ndani ya mapafu. (Wanafunzi, msiende kujaribu hii peke yenu. Hewa kwenye mshipa si mchezo, lazima awepo mtu anayeijua.)

Lakini angalieni: kwa mtu asiye na tundu, nyota haziendi kushoto kabisa. Kwa nini? Juu viputo vya maji ya chumvi ni vikubwa na ni dhaifu. Vikifika kwenye kapilari za mapafu vinakwama ao vinayeyuka. Mapafu ni kichujio. Na damu inayolisha nyama ya moyo inatoka upande wa kushoto, baada ya mapafu. Kwa hiyo na viputo vya bure unaweza kutafuta tundu, lakini huwezi kamwe kuona kama ukuta wa mbele wa Papa Mwalimu unapata damu. Hapo njo watu walikwama kwa miaka mingi.

Kilichofungua mlango ni kiputo cha kiwandani. Mambo mawili yalibadilishwa. Kwanza, kiputo kilivishwa ngozi, ya protini ya albumini ao ya mafuta laini, ili kisipasuke haraka. Pili, ndani hawakuweka hewa ya kawaida bali gesi nzito isiyopenda kuyeyuka kwenye damu: perflutreni kwa dawa zinazoitwa Optison na Definity, na heksafloridi ya salfa kwa ile inayoitwa SonoVue huko Ulaya. Hii gesi ya mwisho, wandugu wa elektrisite wanaifahamu: ni ileile inayofungiwa ndani ya swichi kubwa za umeme kuzuia cheche. Mimi nilipojua hilo nilicheka peke yangu. Kwa mgonjwa inaingia kiasi kidogo sana, haifanyi kitu na mwili, na dakika chache baadaye imetoka kwa pumzi.

Ukubwa wa viputo hivyo ni mikromita 1 hadi 4 hivi kwa wastani. Chembe nyekundu ya damu ni karibu 7. Maana yake kiputo kinapita popote chembe nyekundu inapita: mapafu, upande wa kushoto, mishipa ya taji, mpaka ndani ya kapilari za nyama ya moyo. Na hakitoki nje ya mshipa. Rangi zinazotumiwa kwenye skana zinavuja kutoka mishipani na kuingia kwenye nyama, halafu figo zinahangaika kuzitoa. Kiputo kinabaki ndani ya bomba tangu mwanzo mpaka mwisho na figo hazihusiki. Kwa mgonjwa mwenye figo mbovu, na sisi tunao wengi kwa sababu ya presha, hilo ni jambo kubwa.

Kuna bahati ingine ya fizikia ambayo inanifurahisha kila nikiifikiria. Kiputo cha ukubwa huo kina mtetemo wake wa asili, kama kengele. Na mtetemo huo unaangukia megahezi chache, palepale mashini ya ekografi inapofanyia kazi. Hakuna aliyepanga hivyo. Kiputo kidogo cha kutosha kupita kapilari kinaimba kwa sauti ambayo mashini ilikuwa tayari inaisikia.

Na kinaimba vibaya, njo uzuri wake. Mashini inatuma wimbi, halafu inatuma pacha wake aliyegeuzwa juu chini. Nyama ya kawaida inarudisha yote mawili vilevile ilivyopokea, ukijumlisha unapata sifuri, skrini inabaki nyeusi. Kiputo kinatanuka kirahisi kuliko kinavyobonyea, kwa hiyo majibu yake mawili hayafutani, na kinachobaki ni sauti ya viputo tu. Kwa njia hiyo nyama ya moyo inawaka pale tu penye damu.

Tufike sasa kwenye kipimo chenyewe. Mwaka 1998, Kevin Wei, Sanjiv Kaul na wenzao kule Virginia walionyesha namna ya kupima mtiririko wa damu kwa kuvunja viputo makusudi. Nilisoma mara tatu mpaka nikaelewa, na nilielewa kwa msaada wa salongo.

Munajua asubuhi ya salongo barabara inakuwa tupu. Pikipiki hakuna. Saa ikifika, zinaruhusiwa. Wewe simama pembeni ya bulevari na saa mkononi. Utaona mambo mawili tofauti. La kwanza ni haraka gani pikipiki zinarudi: baada ya dakika 5 ziko nyingi, ao bado unahesabu moja moja? La pili ni ngapi zinakuwa barabara ikishajaa kabisa. Bulevari kubwa inabeba mamia, kajia ka ndani ya mtaa kanabeba kumi. Ukijua mwendo na ukijua wingi, unajua ni watu wangapi wanapita.

Kwenye moyo ni vilevile. Viputo vinaingizwa polepole kwa mshipa wa mkono mpaka nyama yote inawaka sawasawa. Mashini inafanya kazi kwa nguvu ndogo, juu nguvu kubwa inavivunja. (Wenye mashini, angalieni pembeni ya skrini yenu mutaona herufi MI na namba. Kwa viputo namba hiyo inashushwa chini ya 0.2 hivi. Kwenye mashini ya wajawazito kwa kawaida inakaa juu ya hapo.) Halafu daktari anabonyeza, mashini inapiga wimbi kali kwa mapigo machache, viputo vyote vya ndani ya ule mkato vinapasuka, nyama inakuwa nyeusi. Hiyo ni salongo. Kisha nguvu inarudishwa chini na tunahesabu.

Moyo wenye afya, mtu akiwa amelala, unajaa tena kwa sekunde 5 hivi. Ukimfanyisha kazi, ao ukimpa dawa inayofungua mishipa, damu inakimbia mara kadhaa zaidi na nyama inajaa kwa sekunde 1 ao 2. Kama mshipa mkubwa umebana, ukuta wake unachelewa wakati majirani wameshawaka. Kwenye hesabu, mwinuko unaandikwa hivi: y = A(1 − e^(−βt)). Herufi A ni wingi wa damu ukishajaa, β ni haraka ya kujaa, na A ukizidisha na β unapata mtiririko. Wenye mliogopa eksponensiali kwenye oditwari mkisema haitawasaidia kitu, ni hiyo hapo ndani ya moyo wa mwalimu wenu.

Sasa rudi kwa swali la yule kijana. Nyama iliyokufa imepoteza kapilari zake, kovu halina mabomba. Baada ya wimbi kali inabaki nyeusi, sekunde 5, sekunde 10, sekunde 15. Nyama iliyolala bado ina kapilari. Inajaa polepole, lakini inajaa. Kati ya weusi na weupe unaokawia, njo jibu.

Niliona hiyo picha kwa macho yangu mara ya kwanza kwa simu. Mwenzangu wa promosio, aliye Ubelgiji kwa masomo, alinitumia video fupi kwa WhatsApp usiku ule nilipomwelezea kisa. Intaneti ilikuwa ya kukatakata, video ya sekunde 12 ilichukua karibu nusu saa kushuka. Moyo mweupe, pap, mweusi, halafu weupe unarudi kutoka pembeni kama alfajiri, isipokuwa kipande cha ncha kilichobaki giza. Muuguzi wa zamu aliniomba nirudie mara nne.

Nisiwadanganye kwamba ni kitu kisicho na kasoro. Viputo vikiwa vingi mno, vinafunika kivuli kuta za nyuma na unaweza kusema zimekosa damu wakati zimekosa tu sauti. Ncha ya moyo iko karibu na mashini, wimbi linakuwa kali pale, viputo vinavunjika vyenyewe na unapata giza la uongo. Mbavu nazo zina vivuli vyake. Inahitaji jicho lililofundishwa muda mrefu. Usalama pia ulileta ubishi: mwaka 2007 shirika la dawa la Marekani, FDA, liliweka onyo kali kwenye dawa hizo baada ya vifo vichache vya wagonjwa waliokuwa mahututi, na mwaka 2008 likalegeza baada ya madaktari kuleta hoja na hesabu zao. Aleji kali zipo lakini ni nadra, kadiri ya mtu 1 kwa maelfu kumi, ndiyo maana adrenalini inakaa karibu. Na hata leo, kwa moyo, kibali cha Marekani kinahusu kuonyesha vizuri chumba cha kushoto na mipaka yake. Kusoma damu ndani ya nyama ni kazi ya vituo vyenye uzoefu, kwa hiari yao.

Hapa Bunia? Tusijidanganye pia. Mashini nyingi tulizo nazo hazina programu ya kusikiliza viputo. Chupa moja ya dawa Ulaya inagharimu dola makumi kadhaa, na baadhi ya hizo dawa zinataka frigo ya nyuzi 2 hadi 8, katika mji ambao wote tunaujua habari za umeme wake. Lakini ukilinganisha na njia zingine, hii njo iko karibu nasi zaidi. Picha ya nyuklia inatumia teknesiamu ambayo kila masaa 6 nusu yake inapotea yenyewe. Iitoe Kampala, ipitishe Mahagi kwa barabara, hesabu wewe mwenyewe kinachobaki. MRI ni sumaku ya tani kadhaa. Ekografi inabebwa mkononi, na watu wanaojua kuishika wapo tayari hapa, wamezoea mimba na ini. Kinachokosekana ni programu, chupa na mafunzo, wala si jengo jipya.

Kuna mtu atasema, moyo wa kuziba mshipa ni ugonjwa wa Wazungu. Utafiti uitwao THESUS-HF, uliochapishwa 2012, ulifuata wagonjwa 1,006 wa moyo kushindwa katika nchi 9 za Afrika, na ni kama 8 tu kwa mia waliopewa sababu ya mishipa ya taji. Presha ilikuwa karibu nusu. Naiheshimu hesabu hiyo. Lakini najiuliza ni wangapi walipimwa mishipa hiyo kwa kweli, juu sehemu nyingi vipimo hivyo havikuwepo. Papa Mwalimu naye, kwa miezi 3, alikuwa mgonjwa wa tumbo. Na presha yenyewe inaharibu kapilari za moyo hata kama mabomba makubwa yako safi, jambo ambalo viputo vinaliona kuliko picha ya mishipa mikubwa.

Halafu kuna jambo la ukanda wetu. Mwaka 1948, J. N. P. Davies, aliyefanya kazi Kampala, alieleza ugonjwa wa moyo ambamo kovu linajaza ncha ya vyumba kutoka ndani. Ukiuona kwenye ekografi unajiuliza: hiki kilichojaza ncha ni kovu, ni damu iliyoganda, ao ni uvimbe? Damu iliyoganda haina mishipa, viputo vinaizunguka na yenyewe inabaki nyeusi ti. Uvimbe wenye mishipa mingi unawaka. Matibabu ni tofauti kabisa, na sisi tunakisia.

Basi bila viputo nilifanya nini siku ile ya posho? Kwanza nilipima unene wa ukuta wa mbele. Ukuta uliokufa zamani unakonda na kung'aa. Ukiwa chini ya milimita 6 wakati moyo umelegea, matumaini ni madogo. Wa Papa Mwalimu ulikuwa milimita 8. Si ushahidi, ni fununu tu, lakini fununu nzuri. Njia ya pili ni dobutamini kidogo kwa mshipa huku unaangalia: nyama iliyolala inaamka na kukaza, kovu halijibu. Hiyo inataka mtu wa kufuatilia mapigo na vifaa vya dharura pembeni. Sikuwa navyo, sikujaribu.

Na hapa kuna kitu kilichonifanya niwe mpole kwa ile familia. Tulifundishwa hivi: nyama ikiwa hai, fungua mshipa, moyo utaamka, mgonjwa ataishi zaidi. Inaingia akilini kabisa. Lakini mwaka 2022 Uingereza walichapisha utafiti uitwao REVIVED, wagonjwa 700 wenye moyo dhaifu kwa sababu ya mishipa na wenye nyama iliyoonyeshwa kuwa hai. Nusu walifunguliwa mishipa kwa springi ndogo pamoja na dawa, nusu walipewa dawa peke yake. Baada ya zaidi ya miaka 3, waliokufa ao kulazwa kwa moyo kushindwa walikuwa 37 kwa mia upande mmoja na 38 kwa mia upande wa pili. Hakuna tofauti. Upasuaji mkubwa wa kupachika mishipa ulionyesha faida katika utafiti mwingine uitwao STICH, faida iliyoonekana wazi baada ya miaka 10, lakini hata kule uhai wa nyama haukutabiri nani atafaidika na kisu. Maana yake swali la kijana ni zuri, na jibu lake bado haliamui kila kitu. Dawa zina nguvu kuliko tulivyofikiria, na dawa nyingi kati ya hizo zinapatikana kwenye famasi za hapa.

Niliwaita watoto watatu tena siku ya kwanza. Niliwaambia: sijui kama nyama imelala, naona dalili kwamba haijafa yote. Parsele musiuzishe bado. Tuanze dawa leo, aspirini, ya kushusha mafuta, ya kupunguza mzigo wa moyo, moja moja na kipimo kidogo, miezi 3. Wakati huo mutafute pesa ya safari na ya vipimo tu, si ya kisu. Binti mkubwa hakufurahi. Alisema nataka Papa akufie hapa. Sikumlaumu.

Barua ya transferi niliiandika mara mbili. Ya kwanza ilikuwa kama zile tunazoandika wote: "Mgonjwa wa moyo, kwa uangalizi zaidi." Niliichana. Ya pili ilitaja siku ya maumivu, unene wa ukuta, dawa na vipimo vyake, na maswali matatu: ukuta wa mbele una uhai kiasi gani, kwa viputo ao dobutamini ao njia yoyote munayo, je kuna ganda la damu kwenye ncha, na kama munapendekeza kisu, ni kwa sababu gani kuliko kuendelea na dawa? Nilimwomba yule kijana aikariri, juu barua zinapotea njiani lakini kichwa hakipotei.

Walisafiri mwezi wa nne, kwa basi. Viputo hawakuvipata, walimpima kwa dobutamini. Jibu lilirudi mistari mitano: ukuta wa mbele unaamka sehemu kubwa, ncha haiamki, ganda la damu hakuna, aendelee na dawa, arudi baada ya miezi 6. Nilipoweka ekografi tena hapa Bunia, ule ukuta ulikuwa unasogea. Kidogo, kama mtu anayeitikia salamu akiwa bado kitandani, lakini unasogea.

Parsele bado iko. Kijana amepanda maharagi, na Papa Mwalimu anaenda kuyapalilia asubuhi, anasimama mara moja tu njiani.